Hitaji la Oksijeni Kibayolojia

Hitaji la oksijeni kibayolojia ni kiasi cha oksijeni kinachotumiwa na vijidudu vinapoozesha uchafu uliomo majini. Maabarani hujulikana zaidi kwa herufi BOD. Wengine huandika "mahitaji ya oksijeni", lakini mahitaji humpeleka msomaji sokoni na jikoni. Umoja, "hitaji", unafaa zaidi kwa kitu kinachopimwa. Neno "kibayolojia" halipaswi kuachwa, kwa kuwa lipo pia hitaji la oksijeni kikemikali, linalopimwa kwa dawa kali bila kutegemea vijidudu.

Kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo maji yalivyo machafu. Majitaka ya majumbani huwa na takriban miligramu 300 kwa lita. Lita moja ya maji safi, katika joto na mwinuko wa Dodoma wa mita 1,100 hivi, hubeba miligramu 7 tu za oksijeni. Kwa hiyo lita moja ya majitaka ghafi inaweza kumaliza oksijeni ya zaidi ya lita 40 za mto. Perege hufa; kambare, anayeweza kuvuta hewa juu ya maji, hustahimili zaidi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Sampuli huchanganywa na maji safi yenye oksijeni, hujazwa kwenye chupa ya mililita 300, huzibwa pasibaki hata kiputo, kisha hukaa gizani siku 5 katika nyuzijoto 20. Giza ni la lazima, kwani mwanga ungewezesha mwani kutengeneza oksijeni na kuharibu hesabu. Oksijeni iliyopungua, ikizidishwa kwa kiwango cha uchanganyaji, ndiyo jibu.

Mwaka 1912 tume ya kifalme ya Uingereza ilipendekeza kikomo cha miligramu 20 kwa lita kwa majitaka yaliyosafishwa yanayomwagwa mtoni, kwa sharti kwamba mto unaopokea uyazimue maji hayo angalau mara 8. Kikomo cha Tanzania, katika kanuni za mwaka 2007, ni miligramu 30. Sharti la mto wenye maji ndilo gumu Dodoma. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili; baadaye Mto Kinyasungwe, unaoelekea Mkondoa na hatimaye Wami, hubaki mchanga mtupu sehemu nyingi. Maji yanayotoka kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka mwezi Agosti hayana cha kuyazimua: yenyewe ndiyo mto. Hivyo kazi yote ya kusafisha lazima iishie mabwawani.

Katika mfumo wa mabwawa, kama ule wa Swaswa jijini Dodoma, unaosimamiwa na mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dodoma, DUWASA, jua na muda ndivyo vinavyofanya kazi. Kwa kawaida bwawa la kwanza ni la kina kirefu, halina oksijeni, na tope hutuama humo. La pili huwa na kina cha mita 1.5 hivi; mwani wake wa kijani hutoa oksijeni mchana na vijidudu huitumia. Ya mwisho, ya kukomaza, huachia mwanga uue vimelea. Tope lisipotolewa kwa wakati, nafasi hupungua, maji hupita haraka, na hitaji la oksijeni hupanda kwenye mlango wa kutokea.

Karibu na Swaswa wakulima humwagilia mboga kwa maji hayo. Kwao BOD haitoshi, maana haisemi lolote kuhusu mayai ya minyoo. Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha mayai hayo mwaka 1989: yasizidi yai moja kwa lita.