Mkono Uliokatazwa Kazi

Mwanzoni mwa 1996, jijini Vancouver nchini Kanada, wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti walianza mazoezi ambayo madaktari wengi wa wakati ule wangewakataza. Aliyewakusanya ni Don McKenzie, daktari wa tiba ya michezo katika Chuo Kikuu cha British Columbia, na alichotaka wafanye ni kupiga kafi kwenye mashua ya joka. Mashua hiyo ni ndefu na nyembamba, asili yake ni China, na huchongewa kichwa cha joka mbele. Wapiga kafi 20 huketi wawiliwawili, mpiga ngoma akiwapa mwendo na nahodha akisimama nyuma kushika usukani. Kazi yote ni ya mikono, mabega na kifua.

Hapo ndipo penye katazo. Mwaka 1894 mpasuaji William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha matokeo ya upasuaji wake wa saratani ya matiti: titi zima linaondolewa, pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Njia hiyo ilitawala hadi miaka ya 1970. Wanawake wengi walipona kidonda wakabaki na bega gumu lisiloinuka. Wengine mkono ulivimba, kwa kuwa tezi za kwapani ndizo husaidia kurudisha majimaji ya mwili kwenye mzunguko wa damu. Zikiondolewa au zikiunguzwa na mionzi, majimaji hukusanyika mkononi. Hali hiyo huitwa limfedema. Inaweza kuzuka miaka mingi baada ya matibabu, na ikishatia mizizi haiondoki kabisa.

Kutokana na hofu hiyo ukazaliwa ushauri uliorudiwa kwa miongo mingi: usinyanyue kitu kizito, usisugue, usivute, usibebe mtoto kwa mkono huo. Hoja ilikuwa kwamba mkono ukifanya kazi hupata damu nyingi, na damu nyingi huleta majimaji mengi. Ilisikika kama jambo la akili. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa ameipima ipasavyo, na kwa mwanamke anayechota maji, anayelima au anayepakata mtoto mchanga, kunyimwa mkono si jambo dogo hata kidogo.

Wapinzani wa ushauri huo walikuwepo. Mwaka 1952, Terese Lasser wa New York, aliyekuwa ameondolewa titi, alianza kuwatembelea wanawake wenzake wodini akiwa na mpira mdogo na kamba ya kuzoeza mkono na bega. Mpango wake, Reach to Recovery, ulichukuliwa na Chama cha Saratani cha Marekani mwaka 1969. Baadaye wauguzi watafiti wa Ohio, Mary MacVicar na Maryl Winningham, walithubutu zaidi: waliwapandisha wanawake kwenye baiskeli za mazoezi wakiwa bado wanapata dawa za kemotherapi, wakati ambapo ushauri wa kawaida ulikuwa kulala na kupumzika. Utafiti wao wa 1989 ulihusu wanawake 45. Waliofanya mazoezi mara 3 kwa wiki, kwa wiki 10, waliongeza nguvu na pumzi. Wauguzi hao wanastahili kutajwa mara nyingi kuliko wanavyotajwa.

Lakini baiskeli huchosha miguu. McKenzie aliulenga mkono wenyewe, na kwa makusudi akachagua mchezo unaouchosha kwelikweli. Wanawake wake walianza na mazoezi ya kujinyoosha na kuinua vyuma, mzigo ukiongezwa kidogo kidogo, na mikono yao ikachunguzwa mara kwa mara. Kisha wakaingia majini, na kiangazi hicho wakashindana katika tamasha la mashua za joka la jiji lao. Hakuna hata mmoja aliyepata limfedema mpya. McKenzie aliyaandika hayo mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Kanada.

Ilikuwa iwe jaribio la msimu mmoja. Wanawake walikataa kuachana. Kundi lao, Abreast in a Boat, likazaa makundi mengine, na mwaka 2010 ikaundwa kamisheni ya kimataifa ya wapiga kafi waliopata saratani ya matiti. Matamasha yao yamefika Caloundra nchini Australia, Florence nchini Italia na ziwa Karapiro nchini New Zealand.

Wanawake 24 waliojitolea wenyewe, bila kundi la kulinganisha nao, hawatoshi kubadili tiba. Ushahidi mzito ulikuja baadaye. Mwaka 2007 Kerry Courneya na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 242 wa Kanada waliokuwa kwenye kemotherapi. Mazoezi hayakuinua kwa kiasi cha uhakika vipimo vya jumla vya ubora wa maisha, na watafiti walilisema hilo wazi. Ila walioinua vyuma walimaliza sehemu kubwa zaidi ya dozi walizopangiwa kuliko wasiofanya mazoezi.

Miaka 2 baadaye Kathryn Schmitz, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliwageukia wale walioogopewa kuliko wote: wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Nusu yao waliinua vyuma mara 2 kwa wiki wakiwa wamevaa mikono maalumu ya nguo ya kubana, wiki 13 za kwanza chini ya msimamizi. Walianza na uzito mdogo kabisa na wakauongeza polepole mradi dalili hazibadiliki, bila kikomo kilichowekwa. Baada ya mwaka mmoja uvimbe wao haukuwa umezidi wa wenzao. Waliopatwa na kuzidiwa kwa ghafla walikuwa asilimia 14, dhidi ya asilimia 29 ya wale ambao hawakuinua kitu.