Udongo uliochomwa wapunguza saruji katika zege

Utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Wataalamu wa ujenzi wanasema sehemu ya ufumbuzi imo katika udongo wa kawaida.

Saruji hutokana na klinka, yaani vinundu vigumu vinavyopatikana baada ya mawe ya chokaa na udongo kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 za Selsiasi. Klinka husagwa pamoja na jasi kidogo.

Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya kiwanda cha saruji haitoki katika makaa, bali katika jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Hivyo kubadili nishati peke yake hakutoshi. Ni lazima klinka ipunguzwe.

Udongo hufanyaje kazi?

Udongo unaofaa zaidi ni ule wenye kaolini, madini meupe yanayotumika pia kutengenezea vyombo vya kauri na karatasi. Ukichomwa kwa joto la nyuzi 700 hadi 850, hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini hayo, na huwa mwepesi wa kuungana na kemikali nyingine.

Saruji inapochanganywa na maji huacha chokaa ya ziada. Udongo uliochomwa huungana na chokaa hiyo na kutengeneza gundi zaidi, ambayo huziba vitundu vidogo ndani ya zege.

Wazo hili si geni. Warumi wa kale walichanganya chokaa na majivu ya volkano au matofali yaliyopondwa, na nchini Brazil udongo uliochomwa ulitumika kujenga bwawa la Jupiá katika miaka ya 1960.

Mchanganyiko mpya

Katika miaka ya karibuni, watafiti wa Uswisi, Cuba na India wameendeleza saruji ijulikanayo kwa kifupi kama LC3. Mchanganyiko wake wa kawaida ni klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, mawe ya chokaa yasiyochomwa 15 na jasi 5.

Saruji hiyo inaweza kupunguza hewa ya ukaa kwa hadi asilimia 40. Haihitaji kaolini safi. Udongo wenye kaolini ya asilimia 40 hivi unatosha.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa Afrika, ambako nchi kadhaa huagiza klinka kwa meli na kuilipia fedha za kigeni. Nchini Ghana, kiwanda kikubwa cha kuchoma udongo kimejengwa katika mji wa bandari wa Tema. Huko Tanzania, vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam vinajulikana kwa kaolini yake.

Faida na tahadhari

Kwa wakazi wa pwani, faida kubwa ni uimara. Kwa kuwa vitundu vyake ni vidogo, zege hii huzuia chumvi ya bahari isifikie nondo haraka na kuzitia kutu.

Hata hivyo, zipo kasoro. Zege yenye udongo huu huwa nzito kuchanganya, na hulazimu kutiwa dawa ya kuilainisha badala ya kuongezewa maji. Nguvu yake katika siku za mwanzo huwa ndogo kidogo, ingawa baada ya wiki moja hivi huweza kulingana na ile ya saruji ya kawaida. Kuimwagilia maji kwa siku za kutosha ni jambo lisiloepukika.

Wataalamu wanaonya pia kwamba udongo mbichi hauwezi kuchukua nafasi ya saruji. Fundi anayeuchanganya katika zege huidhoofisha, kwani udongo huo hunywa maji, huvimba na kusinyaa. Ukichomwa kupita kiasi, nao hupoteza uwezo wake wa kuungana na chokaa.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kuchoma, kusaga na kupima ni ya kiwanda, wala si ya uwanja wa ujenzi. Mnunuzi naye hana budi kutazama alama ya ubora kwenye mfuko kabla ya kumwaga nguzo itakayobeba nyumba yake.