Afugaye Samaki Hufuga Maji

Mto Lwakhakha huteremka kutoka Mlima Elgon ukaigawa nchi: ng'ambo hii Kenya, ng'ambo ile Uganda. Lakini maji hayajui mpaka. Huingia katika mto Malaba, yakaenda hadi Ziwa Kyoga, na huko hujiunga na mto Nili kuelekea Misri. Kwa hiyo, msomaji, mtoto achotaye maji Lwakhakha ana undugu wa mbali na watu walioishi katika nchi ya Mafirauni. Katika insha hii nataka kukueleza habari za samaki ajulikanaye tangu zamani huko Misri, naye ni perege, ambaye jamaa zake wa Ziwa Viktoria huitwa ngege na sato. Historia yake ina somo moja ambalo watu walilinunua kwa hasara kubwa: afugaye samaki hufuga maji kwanza.

Wamisri wa kale walimjua perege vizuri. Katika kaburi la karani mmoja aitwaye Nebamun, lililopambwa yapata miaka 1350 kabla ya Kristo, ilichorwa picha ya bustani yenye bwawa. Kando ya bwawa ipo mitende na mitini. Ndani yake wamo bata, mayungiyungi na samaki, na perege ni mmoja wao. Picha hiyo sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London. Wamisri walistaajabia uzazi wa samaki huyu. Mama akisha kutaga, huyaokota mayai akayaweka kinywani, na vifaranga hutoka humo wakiwa hai. Wakamfanya kuwa alama ya kuzaliwa upya. Lakini uzazi huo uliokuwa ajabu kwa Wamisri ulikuja kuwa msiba kwa wafugaji wa siku za baadaye, kama utakavyoona.

Katika Kenya majaribio ya kufuga perege mabwawani yalianza miaka ya 1920. Mwaka 1948 kituo cha kufugia samaki kilifunguliwa huko Sagana. Kisha, katika miaka ya 1960, serikali iliwahimiza raia wale samaki zaidi, na watu wakachimba mabwawa kwa bidii, hasa katika sehemu za magharibi na za kati. Mwenye shamba alichimba shimo, akalijaza maji ya kijito, akatia samaki wake, akangoja mavuno. Je, alivuna nini? Mara nyingi alivuna samaki wengi mno, lakini wadogo kama vidole. Perege huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu. Wazazi, wana na wajukuu wakagombania chakula kimoja na hewa moja, na hakuna aliyenenepa. Mabwawa mengi yakaachwa yakaota magugu, yakawa makao ya vyura.

Usiwacheke wazee hao. Hawakuwa wavivu; jembe walilishika. Walichokosa ni maarifa ya mambo yaliyokuwa yakipita ndani ya maji.

Wakati huohuo wataalamu walikuwa wakitafuta dawa ya uzazi usio na kiasi, na hapa Afrika Mashariki ina sehemu yake katika hadithi. C. F. Hickling, aliyefanya utafiti Malacca katika nchi ya Malaya, alichukua perege waliotoka Zanzibar akawazalisha na perege wa aina ya Msumbiji. Mwaka 1960 alitangaza matokeo: dume wa Zanzibar akikutana na jike wa aina ile ya pili, watoto huwa karibu wote madume. Bwawa la madume halina uzazi, na madume ya perege hukua upesi kuliko majike. Hata leo mfugaji hodari hutafuta vifaranga vya kiume vitupu, ingawa njia za kuvipata zimeongezeka.

Lakini kuzuia uzazi peke yake hakukutosha. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuamsha uchumi, na mabwawa 200 yalikusudiwa katika kila jimbo miongoni mwa majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Mazao ya samaki yaliongezeka sana kwa muda. Kisha msaada ulipopungua, chakula cha samaki kikawa ghali, na wengi wakayaacha mabwawa yao kama wazee wao walivyofanya. Tena historia ikauliza swali lilelile: nani anayejua yaliyomo majini?

Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa zamani. Mnamo 1890, Mrusi Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zürich, alieleza vijidudu vinavyogeuza amonia. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake, nayo ni sumu kwake mwenyewe. Kundi moja la vijidudu huigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia; kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ni chakula cha mimea na haimdhuru samaki upesi. Juu ya elimu hiyo watu walijenga ufugaji uitwao akwaponiki, yaani samaki na mboga kutumia maji mamoja. Kule Marekani, Taasisi ya New Alchemy, iliyoanzishwa 1969, ilifuga perege katika matangi na kunyweshea mboga maji yao. Baadaye James Rakocy, katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, aliikuza njia hiyo hata ikafuatwa na wengi. Leo mtu aweza kuweka tangi ndani ya nyumba: pampu hupandisha maji hadi kwenye kitanda cha kokoto chenye mboga, na maji hurudi kwa samaki yakiwa safi.

Basi tuseme wewe, msomaji wa Lwakhakha, wataka tangi kama hilo. Jambo la kwanza ni subira. Kokoto mpya hazina vijidudu. Ngoja wiki nne hadi sita viongezeke kabla ya kujaza samaki, na upime maji mara kwa mara. Nitriti ikizidi, damu ya samaki hugeuka rangi ya kahawia, naye hukosa pumzi katikati ya maji yenye hewa tele. La pili ni joto. Perege hustawi katika nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, nazo usiku za chini ya Mlima Elgon zina baridi. Maji yakipoa, hula kidogo na magonjwa humpata kwa urahisi. Weka tangi ndani, mbali na upepo. La tatu ni kipimo cha chakula. Toa kile kitakacholiwa kwa dakika chache. Kinachobaki huoza na kuzaa amonia. La nne ni hewa. Umeme ukikatika na pampu ikinyamaza, samaki watapanda juu wakitweta. Wawe nayo njia nyingine ya kupata hewa, ijapokuwa ni wewe kukoroga maji kwa mkono. Na wageni, yaani samaki wapya, wakae kwanza katika chombo chao peke yao, wasije na ugonjwa.

Huenda ukadhani mambo haya ni madogo. Lakini katika nyumba nyingi tangi la samaki ni kitoweo cha watoto, na pengine ni karo ya muhula. Usiku mmoja wa uzembe waweza kuyaondoa yote, na asubuhi ukakuta matumbo meupe yakielea. Mchimba bwawa wa 1960 alikuwa na nguvu bila maarifa, naye alishindwa kwa kutojua. Wewe umejua. Jifunze basi kuyasoma maji kama usomavyo kitabu, kila siku ukurasa mmoja. Maana samaki hana sauti ya kukuita, na maji ndiyo lugha yake.