Maua ya ndoa: rangi na ua vichaguliwe pamoja

Wachumba wengi huku kwetu Kivu wanachagua rangi, wananunua vikwembe vya familia, wanachapisha mialiko, kisha siku tatu mbele ya ndoa ndipo wanatafuta maua. Hapo shida inaanza, maana si kila rangi ina ua lake.

Bluu ndiyo inasumbua zaidi. Waridi la bluu haliote mu shamba. Hortansia inaweza kusaidia: mu udongo wenye asidi inatoa bluu, lakini mu udongo wenye chokaa inatoa roze. Njia ingine ni kutia mashina ya maua meupe mu maji yenye rangi ya chakula. Yatakunywa rangi ile kidogo kidogo, hata siku nzima.

Kama rangi ni mbili, moja itawale. Kwa maua tisa, weka sita ya rangi kubwa, tatu ya ile ndogo, na majani mabichi katikati. Karamu ikiwa ya usiku, zambarau na nyekundu nzito vinapotea mu mwangaza mdogo. Nyeupe na njano vinaonekana toka mbali.

Maua yakatwe asubuhi mapema, shina likatwe kwa mshazari, yaingie mu maji mara moja. Yasikae karibu na ndizi zinazoiva: hewa yake inayanyausha haraka.

Basi wachumba, mbele ya kulipa kikwembe, muone kwanza muuza maua.