Jangili Hangoji Barua

Ukipita Lang'ata Road hapa Nairobi utaona makao makuu ya KWS. Wengi wetu tunapajua kwa sababu ya trip za primary: basi la shule, soda, simba amelala. Kitu hatukuambiwa ni kwamba ndani ya hiyo compound kuna ofisi ambayo si ya Kenya pekee. Ni ya Kikosi Kazi cha Mkataba wa Lusaka, na story yake inafaa tuijue.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1973 Kenya ilikuwa na ndovu kama 167,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki chini ya 20,000. Julai mwaka huo Rais Moi akachoma tani 12 za pembe, na Oktoba nchi za CITES zikaamua kupiga marufuku biashara ya pembe kimataifa.

Poa. Lakini marufuku ni karatasi tu. Jangili anaua ndovu nchi moja, anapitisha pembe nchi ya pili, anapakia meli nchi ya tatu. Askari anayemfuata akifika mpakani anasimama, anaandika barua, anangoja jibu. Mzigo nao ushafika baharini.

Ndiyo maana Septemba 1994 nchi za Afrika zilikutana Lusaka, Zambia, zikakubaliana hivi: kila nchi itoe maafisa wake, wakae ofisi moja, wapeane habari moja kwa moja. Mkataba ulianza kutumika Desemba 1996, na kikosi kikafungua kazi Nairobi mwaka 1999. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia wako ndani. Afrika Kusini na Ethiopia walitia sahihi, halafu hawakuidhinisha. Hiyo ndiyo shida yetu ya kila siku, sahihi ni rahisi.

Umuhimu wake ulionekana 2002. Singapore walinasa zaidi ya tani 6 za pembe zilizotoka Malawi, zikapitia Msumbiji na Durban. Vipimo vya DNA vilionyesha ndovu wengi walitoka Zambia na maeneo ya karibu. Hesabu hizo nchi. Polisi wa nchi moja angeanzia wapi?

Sasa njoo nyumbani. Juni 2014, tani 2 hivi za pembe zilinaswa Mombasa. Mshukiwa mkuu akatoroka, Interpol wakamtafuta, na Desemba akashikwa Dar es Salaam na kurudishwa Kenya. Hapo ushirikiano ulifanya kazi. Mwaka 2016 akafungwa miaka 20. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia, ikasema kesi ilikuwa na dosari. Kisheria hana hatia, na ni sawa, mtu hafungwi kwa kesi mbovu. Lakini zile pembe zilikuwa za ndovu wa kweli, na hadi leo hakuna anayezitumikia kifungo.

Hapo ndipo mimi nasimama. Tunapenda kusema adui ni mpaka. Mpaka tuliuvuka. Tulikwama kwa vitu vya hapa kwetu: ushahidi, faili, uendeshaji wa kesi. Tanzania inaweza kukushikia mtu, lakini haiwezi kukuendeshea kesi.

Kwa hivyo siku ingine ukisikia viongozi wamesaini mkataba mpya wa wanyamapori, usipige makofi haraka. Uliza nani ameuidhinisha, halafu uliza kesi ya mwisho iliishia wapi.