Vimeng'enya vya Kulikiza

Mtoto akiachishwa ziwa, huonekana kana kwamba titi limepumzika. Ndani, kazi ndiyo kwanza inaanza: seli zilizotoa maziwa hufa kwa wingi, na vimeng'enya hukatakata nyuzi za kolajeni zilizozizunguka. Kwa panya, siku mbili za mwanzo bado kuna kurudi nyuma. Watoto wakirejeshwa, maziwa hutoka tena. Siku hizo zikipita, ubomoaji haurudishiki nyuma.

Ajabu ni kwamba elimu ya vimeng'enya hivi haikuanzia kwenye titi. Mwaka 1962 Jerome Gross na Charles Lapière, wakiwa Marekani, walitaka kujua mkia wa kiluwiluwi huenda wapi anapogeuka chura, wakakuta kimeng'enya kinachokata kolajeni. Ndugu zake leo huitwa metaloproteinezi.

Johannesburg nayo ina fungu lake katika elimu ya vifo vya seli, ingawa kwa njia ya kuzunguka. Sydney Brenner, mtoto wa fundi viatu kutoka Lithuania, alizaliwa mwaka 1927 katika mji jirani wa Germiston, akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits) cha Johannesburg akiwa na miaka 15. Mwaka 1952 akaenda Oxford. Baadaye, Cambridge, alichagua kuchunguza mnyoo mdogo wa udongoni ambaye seli zake 131 kati ya 1,090 hufa kila mara, zile zile. Mwaka 1993 maabara ya Robert Horvitz ilionyesha kuwa jeni inayoamuru vifo hivyo hutengeneza kimeng'enya kinachofanana na kimoja cha binadamu. Kundi la vimeng'enya hivyo likaja kuitwa kaspasi. Tuzo ya Nobel ya 2002 ikaenda kwa Brenner, Horvitz na John Sulston. Wits hujivunia Brenner, na ina haki, ila mnyoo wenyewe ni wa Cambridge.

Tukirudi kwenye titi, Rabih Talhouk, Mina Bissell na Zena Werb walikwisha kuonyesha, mwaka 1992, jinsi metaloproteinezi zinavyopanda katika titi la panya baada ya kuachisha. Kaspasi zilidhaniwa kuwa wauaji wakuu, mpaka 2011 kundi la Christine Watson lilipogundua kwamba wanaoanza ni kathepsini, vimeng'enya vinavyovuja kutoka vifuko vya ndani ya seli.

Mama asiyenyonyesha kabisa hupitia ubomoaji huo mara baada ya kujifungua. Afrika Kusini, miongoni mwa akina mama hao walikuwamo wenye virusi vya Ukimwi, waliopewa maziwa ya kopo bure kliniki. Agosti 2011, kwa Azimio la Tshwane, serikali iliamua kuacha ugawaji huo.