ZIWA, MLIMA NA KUSAHAU KWETU
Historia fupi ya mafuriko ya Babati na jirani zake

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Mhariri ameniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu. Habari za mabweni, walimu na timu ya mpira wataziandika wengine wenye kumbukumbu nzuri kunishinda. Mimi nimechagua habari ya maji, kwa sababu darasani tulikariri safari za Vasco da Gama, lakini hatukufundishwa historia ya ziwa lililo hapa hapa mjini.

Mji wa Babati umekaa kati ya ziwa na Mlima Kwaraa. Wagorowa ndio wenyeji wa sehemu hii. Mji wenyewe ulikuzwa na barabara kuu itokayo Arusha kwenda Kondoa na Dodoma, pamoja na ile ya Singida kupitia Katesh. Aidha, mwaka 2002 ulipoanzishwa Mkoa wa Manyara, Babati ikawa makao makuu yake, na watu wakaongezeka upesi.

Ziwa Babati si la kina kirefu. Hupokea maji ya vilima vinavyolizunguka, na likijaa hupumua kupitia Mto Kiongozi. Mvua zikizidi kiasi, pumzi hiyo haitoshi. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1964, tena 1979, na tena 1990. Yaani katika muda wa miaka 26 ziwa lilifurika mara tatu. Mafuriko ya namna hii hayaji kwa kishindo. Maji hupanda taratibu, hukaa, na hayana haraka ya kuondoka. Nyumba ya udongo hulainika kuanzia chini, vyoo vya shimo hujaa, visima huchafuka, na baada ya maji huja maradhi.

Je, chanzo ni nini? Wako wasemao ni mvua tu, nao wana hoja. Mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha maziwa mengi ya Afrika Mashariki; Ziwa Victoria lenyewe lilipanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Lakini mvua ni nusu ya habari. Mlima wenye miti hunywa maji na kuyatoa kidogo kidogo. Mlima uliofyekwa na kulimwa bila matuta huyatupa bondeni siku ile ile, pamoja na udongo wake. Jirani zetu wa Kondoa walilijua jambo hili kwa uchungu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika vilima vya Kondoa vilivyokuwa vimeliwa na makorongo. Ilikuwa dawa chungu, lakini majani na miti vilirudi.

Sasa tuutazame mlima. Hadi mwaka 1985 Babati na Hanang zilikuwa wilaya moja, kwa hiyo msiba wa Katesh ni msiba wetu. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa ya usiku, sehemu ya Mlima Hanang ilibomoka. Mlima huo una urefu wa zaidi ya mita 3,400, nao ni volkano ya kale. Wengi walidhani imelipuka. Wataalamu walieleza kwamba haikuwa hivyo: miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo vilifuata mikondo ya maji hadi Gendabi na Katesh mjini. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa tabianchi, alikatiza safari yake akarudi. Wenzetu wa Uganda walikwisha kuonja machungu hayo Machi 1, 2010, mlima ulipofukia kijiji cha Nametsi, Bududa.

Ndugu zangu, ziwa hukupa siku kadhaa za kuhama. Mlima hukupa dakika. Lakini yote mawili yana tabia moja: maji hufuata mkondo. Korongo likikauka miaka 20 halijafa. Sisi ndio tunaosahau. Ikija miaka ya ukame, ukingo wa ziwa huonekana shamba zuri lenye rutuba, na kiwanja cha bondeni huuzwa kwa bei nafuu. Kijana aliyezaliwa baada ya mafuriko ya 1990 leo ni mtu mzima mwenye familia. Asipoambiwa na mtu, atajuaje kwamba pale anapochimba msingi palipita mtumbwi?

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ni sheria njema, ila ukingo wa kiangazi si ukingo wa masika. Mita 60 zikipimwa wakati ziwa limenywea, mtu anaweza kujenga kwa kufuata sheria na bado akalala majini.

Kwa hiyo naleta pendekezo kwenye mkutano wetu. Miongoni mwetu wamo wapima ardhi, madiwani, mafundi na wafanyabiashara. Tuchange tusimamishe nguzo za saruji mahali maji yalipofikia, kila moja iandikwe mwaka wake, ili hata mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi aone kwa macho yake kabla ya kununua kiwanja. Gharama yake haitapita ile ya karamu yetu moja.

Kazi hiyo inataka mashahidi, na wazee wetu wanapungua kila mwaka. Yeyote anayekumbuka, au mwenye mzazi anayekumbuka, maji ya 1964, 1979 au 1990 yalifika wapi, nyumba gani, mti gani, ngazi ya duka gani, tafadhali aniandikie kupitia kwa Mhariri kabla ya masika.